Kijana Mpole na Watu Wenye Skuli za Kunishauri

Tangu kijana wangu aingie gredi 9 sijapata raha. Nikienda harusini naulizwa, nikienda hitimani naulizwa, hata mama anayeniuzia mahamri na mbaazi asubuhi ananiuliza huku anafunga, "Haya, Januari huyo anaenda skuli gani?" na kabla sijafungua mdomo jibu nishapewa. Bodingi. Ya wavulana watupu. Mbali, ikiwezekana bara huko. Akakomae.

Manake kijana wangu ni mpole, ana haya za watu. Na haya kwa mtoto wa kike hapa kwetu ni sifa, watu wanakuja kuposa, lakini kwa mtoto wa kiume ni ugonjwa unaotafutiwa dawa, na dawa ambayo kila mtu anaijua ni kumtupa katikati ya wavulana mia nane wasiomjua halafu ungoje uone.

Ami yake ndio bingwa wa hii hoja. "Shemeji, mimi nilikuwa kimya kuliko huyo. Nikapelekwa bodingi bara, baridi, simjui mtu. Niangalie sasa." Nimemwangalia. Ni mtu mzuri, ana biashara yake, sauti yake unaisikia kabla hajafika mlangoni. Lakini ukimuuliza kuhusu fomu wani yake anacheka kwanza, alafu anabadilisha mazungumzo, na mimi hicho kicheko nimeanza kukisikiliza kuliko ushauri wenyewe.

Sasa huyu kijana. Nyumbani haishi kuongea, usidanganyike. Anabishana na babake kuhusu Bandari FC mpaka chai inapoa, anamuigiza kila mtu wa mtaani na mimi nikiwemo. Shida inaanzia mlangoni. Mfano mmoja tu, akienda kwa bibi yake anapanda matatu kutoka Kisauni, hapa Mombasa, na anatakiwa kushuka Buxton ukishavuka tu daraja la Nyali. Ili ushuke lazima useme "shukisha!", na useme kwa sauti manake redio iko juu na makanga ananing'inia mlangoni anaita watu. Kijana hawezi. Anangoja labda mtu mwingine atashuka hapo hapo. Siku ambayo hakuna wa kushuka Buxton anapelekwa mpaka Mwembe Tayari, gari likimwaga watu wote naye anamwagika, anarudi kwa miguu na jua lile, anafika kwa bibi yake ameloa jasho na akiulizwa anasema alitaka kutembea.

Lakini huyo huyo, mpeleke chuo, yaani madrasa, mpe msahafu, anasoma mbele ya ukumbi mzima. Maulidi akiwa kwenye kundi la kaswida anaimba sauti ya juu kabisa, wala hatetemeki. Mwalimu wake wa chuo hata hajui kama kuna tatizo, nilipomwambia nina mtoto mwenye haya akaniuliza yupi. Kwa hivyo sauti anayo. Kinachomshinda ni pale ambapo maneno lazima yawe yake mwenyewe, mbele ya watu ambao hawajamuonyesha nafasi yake ni ipi. Akijua nafasi yake, yuko sawa.

Nilipoanza kufuatilia haya mambo nikakutana na habari za Jerome Kagan, mtaalamu wa saikolojia wa Harvard aliyefuatilia watoto tangu wakiwa na miezi minne, akakuta kama mmoja kati ya watano anashtuka na kulia kirahisi akionyeshwa kitu kigeni, na wengi katika hao ndio wanakuja kuwa waoga wa watu wakikua. Si wote lakini. Hilo ndilo lililonipa moyo, kwamba mtu anazaliwa nalo na bado halimfungi. Babake naye yuko hivyo hivyo, jambo ambalo katika ukoo mzima hakuna aliyeligundua, yeye kazi yake ya klaringi bandarini anaifanya miaka yote, salamu zake tatu kwa siku, na hakuna aliyewahi kusema apelekwe mahali akakomae.

Kwa wale ambao watoto wao bado wadogo nieleze haraka hii mambo ya kuchagua siku hizi ikoje, manake si kama zamani zetu, KCPE ile ya darasa la nane, barua, boksi la bati, umeenda. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Sasa mtoto anakaa gredi 7, 8 na 9 ndani ya primari ile ile, anafanya KJSEA, mtihani wa kumaliza gredi 9, na kwenda sinia skuli kunaanza gredi 10. Walioingia Januari 2026 ndio wa kwanza Kenya nzima. Mtihani wenyewe unabeba asilimia 60, zile alama za kazi za darasani asilimia 20, na ule mtihani wa gredi 6 asilimia 20. Na huchagui skuli peke yake, unachagua kwanza mkondo: sayansi na hesabu ile wanaita STEM, ama sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Alafu ndio skuli. Wale wa kwanza walijaza skuli 12, tisa za bweni na tatu za kutwa, kwa hivyo hata kama moyo wako wote uko kwenye dei unajikuta unaandika bodingi tisa, na hapo ndipo mzazi wa mtoto kama wangu anatakiwa kuwa makini manake usije ukajaza majina tu kwa sababu ni majina makubwa.

Kuna mambo mawili kuhusu huu mpango sijasikia watu wakiyasema. La kwanza zuri: mtoto anaondoka nyumbani akiwa na miaka kama 15, si 13 au 14 kama zamani. Kwa mtoto mwenye haya huo mwaka ni mkubwa. La pili si zuri sana: miaka tisa amekuwa kwenye kiwanja kimoja, walimu wanamjua tangu anavuja kamasi, mwalimu wa hesabu anajua ukimuita ghafla anaganda kwa hivyo anamwambia mapema "wewe ntakuuliza la tano". Hiyo yote inapotea siku moja. Anaenda mahali ambapo kunyamaza kwake hakuna anayejua maana yake, anaweza kuonekana ana kiburi, ama mjinga.

Haya, wavulana watupu au mchanganyiko? Hoja niliyoipata kwa watu ni kwamba akiwa na wavulana wenzake hatakuwa na haya. Mimi nikauliza, nani kawaambia anaona haya wasichana? Anaona haya watu wenye makelele, na makelele wavulana wanayo ya kutosha nchi mbili. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2014, ulikusanya tafiti 184 kutoka nchi 21, wanafunzi milioni 1.6, wakalinganisha skuli za jinsia moja na za mchanganyiko, na ukichukua zile tafiti zilizofanywa kwa uangalifu tofauti ni kidogo mno, haifai kugombania. Kwa hivyo hilo la wavulana peke yake halikunipa sababu ya kwenda wala ya kukataa. Ila hapa kwetu Pwani skuli nyingi zenye jina za serikali ni za jinsia moja, ukitaka maabara zilizokamilika na walimu wa fizikia wa kutosha unajikuta huko tu. Kuna Allidina Visram hapa kisiwani iliyoanza 1923, kuna Shimo la Tewa kule Shanzu karibu na daraja la Mtwapa, ukitoka nje kidogo kuna Ribe na St. George's kule Kaloleni, Kwale High, ukipanda milima ya Taita kuna Dr. Aggrey kule Wundanyi. Zote ni za wavulana. Kwa hivyo swali langu likawa lingine: ndani ya skuli ya wavulana, mtoto kama huyu anaishi vipi?

Na jibu lake, kwa maoni yangu, haliko darasani. Darasani kuna mwalimu, kuna kitabu, kuna mahali pa kukaa, mtoto mpole darasani anafaulu vizuri tu. Taabu iko kwenye zile saa ambazo hakuna mwalimu. Brek ya saa nne. Foleni ya chakula saa saba. Saa kumi jioni wengine wakienda mpirani. Jumamosi mchana. Na kwa bodingi, kuanzia prepu iishe mpaka taa zizimwe na baada ya taa kuzimwa. Ukihesabu utaona bodingi hizo saa ni nyingi kuliko za masomo, na hakuna hata skuli moja inayokuandikia kwenye karatasi zake saa hizo zikoje. Wanakuandikia min gredi, ule wastani wa skuli nzima. Wanakuandikia wangapi walienda yunivasiti. Kuhusu saa kumi jioni, kimya.

Basi mimi nikaanza kwenda kuziangalia hizo saa. Si siku ya maonyesho ya wazazi, siku hiyo hata maua yanapigwa maji. Nilikuwa naomba nafasi ya kumuona deputi ama sekretari kuhusu fii, kitu chochote, alafu nahakikisha nafika brek ama wakati wa chakula na sina haraka ya kutoka. Unakaa pale benchini nje ya ofisi na unaangalia kiwanja. Usiangalie wanaocheza, hao wako sawa popote. Angalia pembeni. Wale ambao hawachezi mpira wako wapi? Wako wawili wawili chini ya mti wanaongea, wako laibrari, wako kwenye ubao wa chesi? Au wamesambaa mmoja mmoja wamejibanza ukutani wakingoja kengele? Kuna skuli moja ina jina kubwa nilikuta laibrari imefungwa kwa kufuli saa ya chakula, nikauliza mbona, nikaambiwa vijana wataiba vitabu. Nikashukuru nikaondoka. Kwa mtoto kama wangu laibrari saa saba mchana ni muhimu kuliko kompyuta mia.

Foleni nayo inasema mengi. Simama uone kama wakubwa wanaingia mbele na wadogo wanarudi nyuma bila kusema kitu, na mwalimu wa zamu yuko pale anaona. Kama anaona na hasemi basi ujue hiyo ndio sheria ya hapo, haijalishi ukutani wameandika nini kuhusu uonevu. Watu wa rika langu wanajua habari za "mono", mgeni anayefua nguo za watu na kutumwa usiku. Skuli zote sasa zinasema mambo hayo yameisha. Labda. Pia tuangalie hali ilivyo, Januari 2027 wangu akiingia atakuta gredi 11 moja iliyokuwa ya kwanza na haikuwa na mtu wa chini yake mwaka mzima, na fomu 4 wa mwisho wa mtaala wa zamani, vijana wakubwa ambao gredi 10 walipoingia waliwakuta wako fomu 3. Ni mchanganyiko mpya, hata walimu wenyewe wanaujifunza. Kwa hivyo swali langu kwa kila skuli likawa hili: gredi 10 wanalala wapi? Peke yao au na wakubwa? Na anayewasimamia usiku ni mwalimu au prefekti? Ukiuliza hivyo utajua haraka nani ameshafikiria na nani anaanza kufikiria hapo hapo mbele yako.

Bwenini nimeingia pale waliponiruhusu. Mwongozo wa usalama wa wizara wa 2008 unataka kitanda na kitanda viachane angalau mita 1.2, njia ya katikati mita 2, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Sikuenda na futi, nilitumia hatua zangu, inatosha. Kuna mtu aliniambia unatafuta makosa, nikamwambia Kyanguli, Machakos, 2001, vijana 67 waliteketea bwenini, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Endarasha kule Nyeri Septemba 2024 watoto 21. Nani hatafuti makosa baada ya hapo? Na kwa mtoto mpole hili lina uzito wake wa ziada, manake yeye atalala kitanda atakachopewa, hata kiwe kimebanwa na mlango usiofunguka, hataenda kwa mwalimu kusema hapa hapafai. Lazima uwe umeshamuangalilia wewe.

Kitu kingine ninachokitazama ni chumba cha mwalimu wa ushauri nasaha. Kila skuli ina huyo mwalimu, wengine ni wazuri sana, lakini nenda uone anapokaa. Kama meza yake iko ndani ya stafurumu, mtoto lazima agonge, aingie, walimu ishirini wageuke wamtazame, aseme "namtafuta madam fulani", na wote wajue kwa nini anamtafuta. Kijana wangu aliyeshindwa kusema shukisha atafanya hivyo? Hataenda hata akiwa anaumwa. Skuli moja nilikuta chumba kiko nyuma, karibu na shamba lao la mboga, mlango haupo machoni mwa watu. Sijui kama walipanga ama ni bahati tu ya ujenzi lakini nikaiwekea alama.

Maprinsipali nao, kila mmoja na lake. Mmoja alimtazama kijana akaniambia mimi, kana kwamba mtoto hayupo, "Mama usiwe na wasiwasi, hapa tunawanyoosha." Babake, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuingie, akauliza, "Mnawanyoosha na nini?" Kimya kidogo, alafu kicheko. Kiboko skuli kimepigwa marufuku tangu 2001, na sheria ya elimu ya 2013 kifungu cha 36 kinakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kisaikolojia, na hilo la pili watu wengi hawalijui. Kumfanya mtoto asimame mbele ya gwaride aseme jina lake mara kumi mpaka sauti isikike uwanja mzima, eti kumtoa haya, mimi naliweka humo humo. Huko hatukurudi.

Mwingine alifanya jambo dogo sana. Alimuuliza kijana swali, kijana akanyamaza, na yule mwalimu akangoja. Hakurudia swali, hakunitazama mimi nijibu, alishika karatasi zake akawa anazipanga pole pole huku anangoja. Jibu likaja. Baadaye akamwambia, "Wewe nawe una swali?" Nikajua atasema hapana. Akauliza, "Wakati wa chakula mtu anakaa popote, ama meza zimepangwa?"

Mimi hilo swali lisingenijia hata ningekaa mwezi. Na ndio swali lenyewe! Mtu mchangamfu ukimwambia kaa popote umempa uhuru, huyu ukimwambia kaa popote umempa mtihani kila siku saa saba, asimame na sahani yake atafute nani hatamkatalia. Yule prinsipali akasema meza ni za watu wanane, zimepangwa muhula mzima, kila meza na zamu yake ya kupakua na kusafisha. Kijana akatikisa kichwa. Tulipotoka pale getini akaanza kuongea mwenyewe, kitu ambacho baada ya safari zile zingine hakukifanya.

Tangu hapo natafuta skuli inayopanga watu. Yenye klabu ndogo ndogo zinazokutana kweli na si majina ubaoni. Yenye kazi za kugawiwa, wewe mpiga kengele, wewe mwandishi wa alama mchezoni, wewe laibrari. Yenye kwaya au kundi la mashairi linaloenda kwenye mashindano ya muziki na drama, manake hapo unasimama na wenzako arobaini na maneno umepewa, na yeye hapo nimeshamuona chuo anavyokuwa. Si kwamba nataka afichwe. Mtaala wenyewe haumruhusu kujificha, kuna somo la huduma kwa jamii ambalo ni la lazima kwa mikondo yote, atatoka tu akutane na watu. Nataka aingie kwa watu akiwa na kitu mkononi cha kufanya.

Bodingi ama dei tuliligombania zaidi, na hapa nitasema wazi nimeegemea dei. Mtoto wa namna hii kuwa na watu kunamchosha, si kwamba hawapendi, kunamchosha, na dei inampa kurudi nyumbani saa kumi na moja akakaa chumbani kwake nusu saa hasemi na mtu, alafu anatoka mzima. Bodingi hiyo nusu saa haipo, labda chooni. Alafu kuna simu. Skuli za bweni mwanafunzi haruhusiwi simu yake, akitaka kupiga anaenda kwa mwalimu ama anapanga foleni na wenzake wanasikiliza kila neno. Wangu hatapiga. Mimi nitakaa nikiamini hakuna shida kwa sababu sijapigiwa.

Lakini dei ya Mombasa nayo ina mambo yake, tusiipambe. Jamu ya daraja la Nyali asubuhi unaijua, na ukiwa Likoni kuna feri, mtoto anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Kuna mateja wa stejini na wanaouza vitu wasivyotakiwa kuwauzia watoto. Na ile matatu na shukisha yake, mara mbili kwa siku. Mwenzangu mmoja ambaye wake ni mchangamfu sana amempeleka bodingi makusudi kwa sababu ya vijana wa mtaani, na kwa huyo wake nadhani amefanya vizuri. Pesa pia inaongea. Bodingi zile zilizokuwa za kitaifa fii iliyopangwa na wizara ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, hapo hujanunua godoro, boksi, yunifomu wala shopingi. Dei, serikali imesema inatoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi, wewe unabaki na chakula cha mchana, yunifomu na nauli. Hiyo tofauti kwa mtu wa mshahara si ndogo.

Bibi yake ndiye aliyeuliza swali ambalo kila mtu alilisahau: "Mwenyewe ataka nini?" Nikamwambia nimemuuliza, anasema popote. Akaniambia humuulizi hivyo, umemkodolea macho. Basi jioni moja nikamchukua Laitihausi, tukanunua mihogo na madafu tukakaa tukitazama baharini, meli zinaingia, hatutazamani usoni. Sikumuuliza skuli. Nikamuuliza ni siku gani ya wiki inamchosha zaidi na kwa nini. Akasema Ijumaa alasiri, wakati wa klabu, kwa sababu mwalimu anawaambia "jipangeni wenyewe makundi". Akaongea mpaka mihogo ikapoa. Bodingi haiogopi kama nilivyodhani mimi, anaogopa kuoga pamoja na watu, basi, na kuchelewa kupata rafiki wa kwanza. Akipata mmoja anasema atakuwa sawa. Kwa hivyo nikampigia mama mmoja wa darasa lao ambaye kijana wake na wangu wanaelewana, kuuliza wanajaza wapi, bila kumwambia mtoto. Kama wawili wakiangukia pamoja itakuwa neema, na wasipoangukia hajui kama nilijaribu.

Na tusichanganye haya na kitu kingine. Kama mtoto haongei kabisa skuli mwezi baada ya mwezi ilhali nyumbani anaongea, kama kila Jumatatu tumbo linamuuma mpaka anatapika, kama ameacha kula mbele ya watu, hapo hapana habari ya kuchagua skuli kwanza, muoneni daktari ama mshauri, kuna msaada wa hilo. Wangu hajafika huko lakini niliuliza nikaelezwa dalili zake, na kila mzazi angeuliza.

Mpaka sasa orodha yetu iko hivi: juu kabisa dei ya wavulana hapa hapa kisiwani, ile ya meza za watu wanane, wana mkondo wa STEM na mchanganyiko wa masomo anaoutaka wenye kompyuta. Chini yake dei zingine mbili. Alafu hizo bodingi tisa tumezipanga kuanzia zile ambazo gredi 10 wanalala peke yao na ambazo babake anaweza kufika kwa matatu mbili asubuhi na kurudi jioni, na za mbali kabisa ziko mkiani. Tukipangiwa ya mkiani ataenda, na nimeshaanza kumfundisha kufua na kuhesabu pesa, na babake anamfundisha kusema shukisha, wanapanda pamoja, mzee anakaa kiti cha nyuma kabisa na hasaidii.

Ami yake hajakubali. Amesema tunamlea kama yai. Lakini yeye ndiye aliyejitolea mwanzo kabisa, mbele ya mashahidi, kuchangia nusu ya fii ya bodingi, kwa hivyo nimemtumia ujumbe kwamba tumeamua dei inshallah, na ile nusu yake tutashukuru akiigeuza iwe chakula cha mchana na nauli. Alama mbili za bluu zimetokea tangu juzi. Bado nangoja.